Nimebuni kofia yangu ya kroshia, naiandikaje paterni ili mwingine aifume itoke vilevile?

Nyuzi_za_Moro

Habari zenu wadau. Mi ni fundi wa kufuma muda sasa, nilifundishwa na shangazi kwa kuangalia mkono wake tu, yeye anafuma raundi moja we unaangalia alafu unafuma yako, hakuna karatasi hakuna nini. Kwaio kila kitu changu kiko kichwani na kwenye vidole. Sasa kuna kofia nimebuni mwenyewe, ile ya duara yenye ukingo unaoshuka kidogo, naifuma hafu dabo (stichi ya kroshia yenye urefu wa kati) kwa uzi wa sweta na sindano ya 5 mm. Nikaweka picha status watu wameipenda sana, wengi wanataka kofia ila kuna wengine ni mafundi kabisa wanasema sisi tuuzie paterni, yaani maelekezo yaliyoandikwa, tufume wenyewe.

Mdada mmoja nikamtumia maelezo kwa meseji, nikamwambia anza na stichi nane, ongeza kila raundi mpaka ifike saizi ya kichwa cha mtu mzima ambayo kwangu ni stichi 76, shuka chini kisha fuma ukingo. Yake imetoka ndogo inamkaa mtoto, na ukingo umejikunja ndani. Na uzi ni uleule, sindano ileile 5 mm, kahesabu 76 vizuri kabisa. Hapo ndo nimekwama. Naomba mnielekeze paterni inaandikwaje, naanzia wapi, saizi za watoto na wakubwa nazipataje bila kufuma kila moja kwa kubahatisha, na niandike kwa Kiswahili au Kiingereza? Nataka kitu ambacho mtu akikilipia akifurahie.

Mama_wa_Sindano

Shoga hongera kwa kubuni, na kwanza huyo mdada wala hajakosea, tatizo ni mkono. Kuna mtu anavuta uzi na kuna mtu anauachia. Chukua mfano we ukifuma hafu dabo unapata stichi 14 kwenye sentimita 10, basi stichi 76 zako zinazunguka sentimita 54 na kidogo, hiyo ni kofia ya mtu mzima. Mwenzio mkono wake umebana anapata stichi 16 kwenye sentimita 10 hizohizo, 76 zake zinazunguka 47 na nusu tu. Hiyo tayari ni kofia ya mtoto na hesabu yake iko sawasawa kama ulivyomwambia! Ndo maana paterni inaanza na sampuli, kabla hata ya raundi ya kwanza.

Kwaio leo usiguse kofia. Fuma kipande cha mraba, cheni (vile vitanzi vya kuanzia) kama 22 hivi upande, kiwe na sentimita 15 kila upande, kifue kama utakavyofua kofia yenyewe, kilaze kikauke bila kukivuta, alafu weka rula KATIKATI sio pembeni maana pembeni stichi zinadanganya. Hesabu stichi kwenye sentimita 10 na mistari kwenye sentimita 10. Na kwa kuwa kofia unafuma kwa kuzunguka bila kugeuza kazi, pima tena kwenye duara lenyewe likishakua kidogo, maana mkono mwingine unabadilika ukizunguka. Namba hizo mbili ndo zinakaa juu ya paterni, na chini yake unaandika: ukipata stichi nyingi zaidi panda sindano, jaribu 5.5 mm, ukipata chache shuka 4.5. Hapo unamwambia mtu afikie kipimo chako kwa sindano yoyote itakayomfikisha, ile 5 mm inabaki kuwa ya kuanzia tu.

Sasa saizi. Kichwa cha mwanamke mtu mzima wengi wako 55 mpaka 57 cm, mtoto wa mwaka mmoja yuko kwenye 46 hivi, na kofia inatakiwa iwe ndogo kuliko kichwa kwa sentimita moja mbili ili ishike. Chukua kichwa cha 56, toa 2, unabaki na 54. Stichi 14 kwa sentimita 10 maana yake 1.4 kwa sentimita, zidisha 54 unapata 75.6. Lakini hafu dabo unaanza na 8 unaongeza 8 kila raundi kwaio unapita 64, 72, 80. Ukiacha 72 kofia ina 51, inabana kichwa mpaka kinauma. Ukienda 80 ina 57 inaruka na upepo. Ndo hapo ubunifu wako wa 76 una akili, nadhani mkono wako ulijua tu: baada ya 72 unafuma raundi moja ya kuongeza mara 4 badala ya 8, yaani hafu dabo 17 kisha mbili kwenye stichi moja, rudia mara nne. 76. Ila hilo LAZIMA liandikwe, hakuna atakayeliota.

Ya mtoto wa mwaka ishie kwenye 64, inazunguka kama 45.7. Huitaji kufuma kofia kumi, unafuma sampuli moja na unakaa na kikokotoo. Utosi wa kofia nao una kipimo chake, gawanya mzunguko kwa 3.14, 54 unapata duara la sentimita 17 kwenda upande wa pili. Likifika 17 na stichi hazijatimia, au zimetimia na duara bado dogo, ujue mistari yako haiendani na kipimo. Kwa hiyo kipimo cha mistari usikidharau, watu wengi wanapima stichi tu wanasahau urefu.

kitambaa_254

Niko Nakuru, hapa sisi ni vitambaa vya viti lakini kuandika ni kulekule. Dada nitakuonyesha vile mimi huandika raundi, chukua hii ya kofia yako:

Raundi ya 8: (hd 6, ongeza) × 8. [64]
Raundi ya 9, kubwa tu: (hd 7, ongeza) × 8. [72]
Raundi ya 10, kubwa tu: (hd 17, ongeza) × 4. [76]

Hiyo namba ya mwisho kwa mabano ndio inaokoa watu. Mtu akimaliza raundi anahesabu, akipata 63 anajua ameruka mahali kabla hajaenda mbali. Kitu kiko ndani ya mabano kinarudiwa, nje kinafanywa mara moja. Na juu kabisa kabla ya kila kitu eleza: hd ni hafu dabo, "ongeza" ni hafu dabo mbili kwa stichi moja, ch ni cheni, ss ni slipu stichi, ile ya kuunganishia. Useme pia kama unazunguka tu bila kufunga raundi ama unafunga na ss, na kama ni ya kufunga zile cheni 2 za kuanzia zinahesabiwa kama stichi ama hazihesabiwi. Hapo ndio watu hupotelea sana, mtu anazihesabu wewe huzihesabu basi kila raundi amezidi moja.

Hiyo yako ya "ongeza kila raundi" kwa meseji, si unaona kuna mtu ataongeza kwa kila stichi? 8, 16, 32, 64, na kitu inakuwa na marinda kama gauni ya harusi. Wewe ulikuwa unajua nafasi zinaenda zikipanuka, yeye atajuaje.

Kwa saizi mbili andika moja kwanza na nyingine kwa mabano, mtoto 64 (mkubwa 76), na ushike huo mpango kutoka mwanzo hadi mwisho usibadilishe katikati. Mwambie mtu apige mstari kwa kalamu chini ya saizi yake kabla aanze.

Na kama kuna wale wa vitambaa vya kufumiwa maneno, hii kroshia ya miraba ni rahisi zaidi kubuni kuliko kofia, unachora tu kwa daftari ya hesabu. Mraba wazi ni dabo moja (stichi ndefu kuliko hafu dabo) na cheni mbili, mraba uliojaa ni dabo tatu, alafu mwisho wa mstari unaongeza dabo moja ya kufunga. Kwaio hesabu ni miraba mara 3 jumlisha 1. Neno KARIBU herufi ya miraba 5 kwa upana, I iwe 3, nafasi ya mraba mmoja katikati ya herufi, inakuja 33. Wacha miraba mitatu kila upande inakuwa 39, mara 3 jumlisha 1 ni stichi 118. Kama mstari wa kwanza umejaa, unaanza na cheni 120 na dabo ya kwanza unaingiza kwa cheni ya nne kutoka kwa sindano. Lakini fuma miraba kumi kwa kumi kwanza upime, kwa sababu dabo za watu wengi si ndefu sawa na upana wa mraba, na herufi zinatoka fupi zimefinywa. Kama zako zinafinywa chora herufi ndefu zaidi kwa karatasi, usilazimishe mkono.

Rukia_T

Kuhusu lugha. Andika Kiswahili kwanza, hao wateja wako wanasoma Kiswahili na paterni za Kiswahili tunazitafuta hatuzipati. Ukija kutoa na ya Kiingereza sema juu kabisa ni istilahi za Marekani au Uingereza, maana singo (stichi fupi) ya Marekani Uingereza wanaiita dabo, na dabo ya Marekani kule ni trebo. Mtu akifuma kwa upande mwingine kazi nzima inabadilika urefu.

Na weka mchoro wa alama ukiweza. Duara refu ni cheni, nukta nyeusi slipu stichi, x au + ni singo, T tupu hafu dabo, T yenye kamstari kamoja dabo, yenye viwili trebo. Paterni za Kijapani zinaandikwa hivyo na nazifuma bila kujua neno moja la Kijapani.

Nyuzi_za_Moro

Jamani asanteni sana, dada wa Nakuru hizo raundi tatu nimezinakili kwenye daftari kama zilivyo. Mama wa Sindano nimefuma sampuli nimeifua, 14 kamili, na mdada kaniambia yake ni 16, kumbe ndo hivyo. Bado ukingo. Wangu unashuka vizuri wake umeingia ndani, na kuna mwingine wake umepanda juu una mawimbi. Alafu nimesikia kuna kutesti paterni, mnafanyaje?

Mama_wa_Sindano

Ukingo ni hesabu ileile ya duara shoga. Hafu dabo ikiongezwa 8 kila raundi inalala flati, ukiongeza zaidi ya hapo inaanza mawimbi, ukiongeza chache inashuka, usipoongeza kabisa inakuwa mrija, na mkono uliobana unaivuta iingie ndani. Kuna mwanahisabati mmoja wa Chuo Kikuu cha Cornell Marekani, Daina Taimina, mwaka 1997 alifuma mawimbi hayo makusudi kwa kroshia awaonyeshe wanafunzi umbo ambalo kulichora kwenye karatasi ni shida, alikuwa anaongeza kwa uwiano uleule bila kuacha. Kwaio huyo wa mawimbi kaongeza mno tu.

Wewe unataka ushuke, basi usiongeze kila raundi. Kubwa: kutoka 76 fuma (hd 18, ongeza) × 4 uwe na 80, raundi moja bila kuongeza, kisha (hd 9, ongeza) × 8 iwe 88, raundi moja wazi, kisha (hd 10, ongeza) × 8 iwe 96. Ndogo: 64, (hd 7, ongeza) × 8 iwe 72, raundi wazi, (hd 8, ongeza) × 8 iwe 80. Zifume zote mbili kwa mkono wako uone zinavyokaa kichwani, mi nakupa hesabu tu, jinsi unavyotaka ianguke ni jicho lako. Ukitaka ishuke zaidi weka raundi mbili wazi katikati.

kitambaa_254

Testing ni hivi. Tafuta watu watatu wanne wenye mikono tofauti, mmoja awe mgeni kabisa kwa kroshia ya nguo. Wape faili bure, usiwaelekeze kwa simu. Hiyo ndio ngumu, sababu utataka kusaidia. Akikuuliza swali, swali lake andika, na jibu unaloliandika linaingia ndani ya paterni pahali alipokwama. Ukimjibu kwa sauti, mteja wa kesho atakwama palepale na wewe hauko.

Waulize stichi zao kwa sentimita 10, kichwa cha mvaaji, na uzi walitumia gramu ngapi. Uzi usiandike "boli mbili", boli ya duka moja ni gramu 50 ya lingine ni 100. Pima kofia kwa mizani ya jikoni: ikiwa gramu 85 na lebo inasema gramu 100 ni mita 200, umetumia mita 170, ongeza asilimia kumi, andika mita 190. Mita zinabaki ukweli hata kama huo uzi umeisha sokoni. Picha pia, ya juu ya utosi, ya upande, na ya karibu ile raundi ya 10.

Na ya mwisho sababu utauza: hakuna mwenye hafu dabo wala granny square (ule mraba wa kroshia unaofumwa kuanzia katikati), hizo ni za wote, tumia bila woga. Lakini maneno uliyoandika, mchoro na picha zako ni zako kisheria, Tanzania na Kenya zote sheria ya hakimiliki inalinda maandishi. Vilevile usichukue sentensi na picha za paterni ya mtu mwingine ukabadilisha rangi. Kofia uliyobuni mwenyewe andika kwa maneno yako mwenyewe.

Rukia_T

Naongezea kimoja. Weka jina lako, tarehe na "toleo la 1" chini ya kila ukurasa wa PDF, na orodha ya walionunua uwe nayo. Ukigundua namba imekosewa raundi yoyote rekebisha, andika toleo la 2 na utume kwa wote siku hiyohiyo. Mimi nipo tayari kutesti ya mtoto, mkono wangu unaachia sana napata 13, utaona inatokaje.

Nyuzi_za_Moro

Rukia nakutumia inbox ikiwa tayari, na huyo mdada wa 16 naye kakubali kuanza upya na sindano ya 5.5. Nafuma ukingo wa 96 leo usiku.