Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni): wanachuo 90, wanaochangia ni wale wale

Mhadhiri_Takwimu: Wakuu, hii ni kozi ya takwimu mwaka wa kwanza, wengi wanasoma kwa simu na bando la siku. Jukwaani wanachangia wachache, waliobaki wananakili jibu la kwanza. Jaribio la wiki ni la dakika 15. Wanaokatikiwa mtandao wanapata sifuri. Nianze kurekebisha wapi?

Fundi_Mitaala: Makundi kwanza. Mwanasaikolojia Vygotsky alisisitiza kuwa mtu hupiga hatua akisaidiwa na anayejua zaidi yake kidogo, na kwenye umati wa 90 msaada huo haumfikii. Weka watu 6 kila kundi. Chagua jukwaa la maswali na majibu: mwanachuo haoni ya wenzake mpaka aweke lake na muda wa kuhariri uishe (kwa kawaida dakika 30). Wapo watakaoandika nukta tu ili wafunguliwe, ndiyo maana swali lenyewe ni muhimu kuliko mpangilio. Usiulize "wastani ni nini". Wape mishahara mitano: 300,000, 320,000, 350,000, 400,000 na 6,000,000. Wastani ni 1,474,000, na wanne hawafikii hata theluthi yake. Waseme wangetumia kipimo gani, na kwa nini.

Mtathmini: Jaribio lako linapima mtandao, si takwimu, na anayeumia ni yule yule mwenye bando dogo. Ondoa kikomo cha muda, liache wazi saa 48, ruhusu lifanywe nje ya mtandao kwenye programu ya simu. Angalia: ruhusa hiyo inagoma ukiweka kikomo cha muda au mrejesho wa papo kwa papo, tumia mrejesho wa baadaye. Waambie walipakue mapema na waunganishe tena kabla halijafungwa. Maswali 5 yanatosha, 2 yawe ya wiki zilizopita. Watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke (2006) walionyesha kuwa baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi, lakini baada ya wiki waliojipima waliwapita.

Mhadhiri_Takwimu: Kwa saa 48 si watapeana majibu?

Mtathmini: Watapeana. Tumia maswali ya kukokotoa, kila mmoja apate namba zake, na jaribio lisizidi alama 10 kati ya 100.

Fundi_Mitaala: Na video zako pia zipunguze. Dakika 10 kwa kbps (kilobiti kwa sekunde) 500 ni karibu MB 38. Sauti peke yake kwa kbps 32 ni MB 2.4. Weka zote mbili, pamoja na maandishi.