Uvimbe juu ya figo na chembe sahani kugandamana: je, kaka aanze aspirini?

Dada wa Tabora
Wakubwa shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Kaka yangu, mwenye umri wa miaka 41, amesumbuliwa kwa muda mrefu na presha inayopanda ghafla, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma na jasho linalolowesha shati hata akiwa ameketi kivulini. Tulihangaika, hata malaria tukaisingizia, hadi kipimo cha mkojo wa saa 24 kilipoonyesha metanefrini (mabaki ya homoni ya adrenalini na jamii yake) nyingi mno na picha ya CT ikaonyesha uvimbe kwenye tezi adrenali ya kulia, ile iliyo juu ya figo. Sasa anasubiri upasuaji. Jirani amesoma kwamba homoni za uvimbe huu huzifanya chembe sahani, yaani chembe ndogo za damu zinazosaidia damu kuganda, zishikamane, na anamhimiza ameze aspirini kila siku. Hoja hiyo ina msingi?

Mpimadamu
Mimi ni mtu wa maabara, si tabibu, kwa hiyo nitajibu upande wa damu tu. Msingi upo, ila jirani ameurahisisha. Chembe sahani zina vipokezi (sehemu zinazopokea ujumbe wa homoni) vya adrenalini vya aina ya alfa-2, na homoni inapovishika, AMP ya mduara, ambayo ndiyo breki ya chembe hizo, hupungua ndani yake. Hata hivyo adrenalini peke yake ni kichocheo dhaifu; kazi yake kubwa ni kuzifanya chembe ziitikie kwa nguvu zaidi vichocheo vingine vya mwilini kama ADP, thrombini, au kolajeni, protini ya ukuta wa mshipa inayofichuka mshipa unapojeruhiwa. Sisi wenyewe huitia adrenalini kwenye plazma (majimaji ya damu) yenye chembe sahani nyingi na kupima jinsi mwanga unavyozidi kupenya kadiri zinavyogandamana, mbinu aliyoieleza Gustav Born mwaka 1962.

Jambo ambalo wengi hawalitazamii ni kwamba chembe zilizokaa muda mrefu katika homoni nyingi zinaweza kupoteza usikivu, hivyo damu ya mgonjwa wa aina hii inaweza hata kuitikia kwa uhafifu. Bonge la damu likitokea, tusizilaumu chembe sahani peke yake: mishipa imebana, maji ya damu yamepungua na damu imekuwa nzito, na wakati mwingine moyo wenyewe umedhoofika.

Bibi Muuguzi
Mwanangu, aspirini asiianze kwa ushauri wa jirani. Athari yake hudumu maisha yote ya chembe sahani, yaani siku 7 hadi 10, na huyu anakwenda kupasuliwa. Kinachotangulia ni dawa ya kuzuia vipokezi vya alfa, kwa kawaida siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji, pamoja na maji na chumvi ya kutosha kadiri daktari atakavyoelekeza. Dawa ya kuzuia vipokezi vya beta isitangulie, kwa maana presha inaweza kupanda vibaya. Mkumbushe pia kutaja ugonjwa wake kabla ya kupewa metoklopramidi ya kichefuchefu, maana nayo inaweza kupandisha presha ghafla.

Dada wa Tabora
Ahsante, bibi. Ameandikiwa doksazosini. Je, hiyo inazigusa chembe sahani?

Mpimadamu
Doksazosini hulenga alfa-1 iliyo kwenye mishipa, wala si alfa-2 ya chembe sahani. Fenoksibenzamini, dawa nyingine ya kuzuia alfa, ndiyo huzuia zote mbili.

Dada wa Tabora
Nimemsomea majibu yenu, naye amekiri kwamba tangu Jumapili ameshameza aspirini tatu.

Bibi Muuguzi
Aache, na leo hii ampigie simu daktari wake amtajie siku na idadi ya vidonge, ili yeye na mtaalamu wa usingizi waamue kama tarehe ya upasuaji ibaki ilivyo.