Seli za kitunguu hazinywei kwenye maji ya chumvi, na utando wa seli hatuuoni. Kosa liko wapi?

mchambuzi_f3
Wakuu, na walimu mliomo humu shikamooni. Tunajiandaa na praktiko ya baiolojia, mada ya seli na osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando kuelekea palipo na chumvi au sukari nyingi zaidi. Tuliweka ngozi ya kitunguu kwenye slaidi, matone mawili ya ayodini, kioo kifuniko juu, kisha maji ya chumvi tukayatia upande mmoja huku karatasi ya tishu ikivuta upande wa pili. Dakika 20 zimekatika, seli ziko vilevile. Kuta zinaonekana, viini vya kahawia vinaonekana, hakuna kilichonywea. Chumvi ni gramu 5 kwa mililita 100 za maji. Tuongeze?

Halafu utando wa seli uko wapi? Kitabuni ni mstari wa pili ndani ya ukuta. Sisi kwa ukuzaji wa 400 tunaona mstari mmoja tu.

fundi_maabara
Marhaba. Msiongeze chumvi, hiyo inatosha kabisa. Kilichowaangusha ni ayodini: inaua seli. Utando ulio hai hupitisha maji na kuzuia chumvi isipite ovyo, ndiyo maana maji ya ndani hutoka kuelekea kwenye chumvi. Seli ikishakufa, utando unakuwa chandarua kilichochanika. Chumvi inaingia yenyewe, tofauti ya ndani na nje inaisha, na hakuna cha kuvuta maji. Viini mlivyoviona vimekolea vile ni vya seli zilizokufa.

Chukueni kitunguu maji chekundu, msitie rangi yoyote. Zambarau yake imeyeyuka ndani ya vakuoli (kifuko kikubwa cha maji ndani ya seli), kwa hiyo rangi mnayo tayari na seli bado ni hai. Angalieni upande wa kubandua. Ngozi ya ndani, pale tabaka lilipobonyea, hutoka kirahisi lakini mara nyingi haina rangi. Ya zambarau iko nje, palipobinuka, nayo ni sugu kidogo: kata kwa wembe mraba wa milimita 5, chale ya juujuu tu, kisha inua pembe moja kwa kibano na uvute kwa ulalo. Ikitoka na nyama nene, tupa, maana seli zitapandana na hamtaona kitu.

Tandaza kwenye tone la maji ya kawaida bila mkunjo. Kioo kifuniko kisimamishe kwa nyuzi 45 ukingo wake ukigusa maji, halafu kilaze taratibu. Ukikidondosha unafungia hewa, na povu lina duara jeusi nene ambalo kila mwaka kuna mtu analichora na kuliandika "kiini".

Anza na ukuzaji wa 100, chora seli mbili tatu zikiwa zimejaa, ndipo uingize chumvi. Ndani ya dakika 2 hadi 5 zambarau inaanza kuachana na pembe za seli, inajikusanya, inakolea. Ukuta unabaki palepale kwa sababu ni selulosi ngumu. Ukishachora, rudisha maji ya kawaida kwa njia ileile ya tishu. Ikijaa tena, utando bado mzima. Usiiache kwenye chumvi nusu saa, huenda isirudi.

bi_slaidi
Naongezea kwa ambao maabara yao inatumia sukari. Gramu 10 kwa mililita 100 mara nyingi hazitoshi, na wanafunzi wanaandika "osmosisi haikutokea". Gramu kwa gramu chumvi ina nguvu zaidi ya mara 10, maana molekuli ya sukari ni nzito karibu mara 6 ya chumvi, na chumvi ikiyeyuka hugawanyika ioni mbili. Kwa sukari nendeni gramu 30.

mwl_seli
Swali la utando. Unene wake ni kama nanomita 7 au 8 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko nanomita 200 hivi, kwa hiyo hata ukinunua lenzi ya bei mbaya hutauona kama mstari wake peke yake. Tena seli iliyojaa maji inausukuma ugandamane na ukuta. Unapata kujua ulipo pale tu seli inaponywea: ukingo wa ile zambarau iliyojikusanya ndio mpaka wake, na hapo ndipo pa kuelekeza mstari wa jina.

Mchoro wa kitabu ni ramani ya kila kilichomo. Mchoro wa praktiko ni wa ulichokiona. Kwa hiyo msiandike ribosomu, ni chembe ndogo mno kuonekana. Mitokondria nayo bila rangi maalumu hamtaitambua. Kloroplasti (chembe za kijani) kwenye kitunguu mkiandika mtakosa alama, kwani tabaka lile hukua chini ya ardhi bila mwanga. Penseli kali, mistari isiyokatika, bila kivuli.

mchambuzi_f3
Asanteni sana walimu. Moja la mwisho: ile nafasi inayobaki kati ya ukuta na zambarau, ni tupu? Mwenzetu anasema ni hewa.

mwl_seli
Si hewa. Ni yale maji ya chumvi mliyoyatia. Ukuta wa selulosi una matundu makubwa kwa kipimo cha molekuli, unapitisha maji na chumvi bila kuchagua. Anayechagua ni utando peke yake. Swali hilo hupenda kutokea, na "hewa" ndilo jibu linalowaponza wengi.