Kunguni wametuingilia Ngamiani, na mume wangu anasema ni vipele vya joto

MamaNasra
Habari zenu wana jamvi. Nimekuja kuuliza huku kwa sababu hili jambo hata shoga yangu wa mlango wa pili sijamwambia. Ukisema una kunguni watu wanakuona mchafu, na mimi nyumba yangu napiga deki asubuhi na jioni.

Tumepanga Ngamiani, hapa Tanga, vyumba viwili, uani mmoja, wapangaji wanne. Yapata wiki tatu sasa binti yangu wa miaka minne anaamka na vipele mkononi na shingoni, vitatu vitatu vimejipanga kama mtu kavitunga kwenye uzi. Anajikuna mpaka ngozi inachubuka. Mimi vyangu vinavimba na kukaa siku nne, tano. Baba yake hana hata kimoja! Kwa hiyo yeye kesi kashaifunga: joto la kaskazi, nyie ngozi zenu laini. Na tunalala kitanda kimoja, chandarua kimoja.

Alhamisi nilipotandua shuka nikaona kwenye pindo la godoro, upande wa kichwani, nukta nyeusi nyingi kama kalamu ya wino imegusagusa. Nikadhani kinyesi cha mende. Foronya ya mtoto ina vialama vya damu vilivyoburuzika. Nikapuliza dawa ya mbu ya kopo, kopo nusu likaishia humo, nikafunga mlango. Usiku ule tuling'atwa kuliko siku zote.

Jambo jingine. Mwezi uliopita tulinunua kochi la watu watatu kwa mtu aliyekuwa anahama. Zuri, halijabonyea, bei ya kutupa. Liko chumba cha mbele. Je, ndilo? Mama mkwe anatoka Pangani baada ya wiki mbili, harusi ya wifi yangu, na atalala humu humu. Nichome godoro? Nililinunua kwa pesa ya upatu, roho inaniuma.

Kijana_wa_Makorora
Pole dada. Ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo, ni wa sisi binadamu tu, hao wageni wako hawajapata taarifa. Ila shemeji nimemkubali, yeye ndiye mwenye damu ya kunguni ya kweli: hadi kunguni wenyewe hawaitaki haha.

MzeeDuga
Zamani vitanda vyetu vya kamba vilikuwa vinajaa hao wadudu, hapakuwa na stori ndefu. Mafuta ya taa kwenye brashi, unapaka kila kiungo cha kitanda, unakianika jua la saa sita. Bibi yangu alikuwa anakimwagia na maji yanayochemka. Wakafa. Siku hizi mnataka madawa ya maelfu.

BiTandika
Mwanangu MamaNasra, mimi nimetandika vitanda kwenye gesti moja hapa mjini miaka kumi na moja. Sitaji jina lake, tajiri wangu anasoma. Kunguni nawajua kama ninavyowajua wanangu, kwa hiyo kaa nikueleze, na godoro lako usilichome.

Kwanza mumeo. Hasemi uongo, anakosea tu. Anang'atwa kama nyie. Kuna watu mwili wao haujibu kabisa, na wengine kipele kinatokea siku kadhaa baadaye. Nimeshaona mume na mke wamelala chumba kimoja usiku mmoja, asubuhi mke anafoka kaunta na mume anamtuliza, ati mke wangu umeota. Mimi nikatandua, ziko alama pande zote mbili za shuka.

Ukitaka kujua zile nukta ni za nani, chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, bonyeza juu ya nukta uvute kidogo. Ikichuja mstari wa kahawia unaoelekea wekundu kama wino umeingia maji, hiyo ni damu yenu iliyopita tumboni kwa kunguni. Cha mende ni punje ngumu, hakichuji hivyo.

Halafu umtafute mwenyewe. Mkubwa ni kama punje ya adesi iliyobanwa, bapa, wa kahawia. Akishanyonya anavimba, anakuwa mrefu na mwekundu. Watoto wao ndio wanaowapoteza watu: wadogo mno, rangi ya chai ya rangi iliyozidi maji, juu ya godoro jeupe huwaoni mpaka washibe. Mayai meupe, hayafiki ukubwa wa punje ya ufuta, yamegandishwa kwenye ufa. Na utakuta maganda matupu, maana kila mtoto anajivua mara tano mpaka awe mkubwa, na kila hatua lazima anyonye. Wakiwa wengi chumba kinanuka utamu fulani mbaya. Mimi nikifungua mlango najua kabla sijawasha taa.

Sasa tatizo lenu wengi ni kupigana na godoro. Nikupe kisa. Chumba namba 6 pale kazini wageni walilalamika miezi. Tajiri akabadilisha godoro. Wakalalamika. Akabadilisha tena! Mimi siku moja nikachukua kadi ya vocha iliyokwisha, nikapitisha kwenye kiungo cha kichwa cha kitanda na ubavu. Kadi ikatoka na watatu. Nikafungua skrubu, mle ndani ya tundu la skrubu wamejipanga kama wali kwenye kijiko. Nikainua macho, ukutani juu ya kitanda kuna fremu ya masharti ya wageni, unayajua yale, saa nne asubuhi uwe umetoka. Nikaishusha. Nyuma yake, mwanangu, kundi zima, na ukuta una madoa meusi kama umenyunyiziwa. Magodoro mawili mapya tumewalisha wao tu.

Kwa hiyo tochi ya simu mkononi, anza na pindo la godoro na pale kilipo kitambaa cha nembo. Kisha chaga, moja moja, zigeuze, hasa ncha zinapokaa kwenye ubavu. Matundu ya skrubu. Pindo la chandarua na lile fundo la juu. Pazia. Mishono ya mkeka. Soketi. Halafu hilo kochi: lilaze kifudifudi, lile shuka jeusi lililopigwa pini chini yake libandue. Hukupaswa kuliingiza ndani kabla ya kufanya hivyo, lakini limeshapita.

Kuwaua. Nguo, shuka, mapazia, midoli ya mtoto ya kitambaa, vyote vifungwe kwenye mfuko humo humo chumbani ndipo vitoke. Usikumbatie shuka ukapita nazo kila chumba, unawasambaza mwenyewe. Maji ya moto hasa, nyuzi 60 na zaidi, yale ambayo mkono haukai. Kisichochemshika kipigwe pasi, na pasi ikae kwenye mishono, usiipitishe mbio. Kitanda kifungueni chote, kitoke nje, birika la maji yanayochemka limiminwe polepole kwenye kila kiungo na tundu. Hapo Mzee wa Duga bibi yake alijua. Jua peke yake kwa godoro halitoshi, wanahamia upande wa kivuli, ndani ya sponji hakupati moto wa kuwaua. Godoro ukishalisafisha na kulikagua, livalishe kava la zipu la kulifunika lote au lishonee nailoni nzito pande zote, na liache hivyo mwaka mzima. Waliobaki ndani watakufa njaa, lakini si leo wala wiki ijayo, hawa wanavumilia miezi.

Na msihame kwenda kulala chumba cha mbele. Wao wanafuata joto na pumzi. Mkihama, nao watahama.

BwanaAfya_Mstaafu
Bi Tandika kamaliza, mimi naongeza machache ya kazi yangu.

Mafuta ya taa hapana. Yanashika moto, mtoto anavuta ule mvuke wake usiku kucha, na mayai yaliyojificha huyafikii. Dawa za mazao, za pamba na mahindi, hizo ndiyo kabisa msithubutu kupuliza mnapolala. Nimewahi kupokea familia nzima inatapika.

Kuhusu dawa ya kopo kutofanya kazi: si lazima iwe feki. Kunguni wetu wengi wameshaizoea. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanyika huku huku kaskazini mashariki mwa Tanzania. Vyandarua vyenye dawa vilipoanza kutumika vijijini, kunguni walipotea, watu wakafurahi. Baada ya miaka wakarudi, na walipopimwa wakakutwa sugu kwa dawa za jamii ile ile ya vyandarua. Dawa nyingi za kopo dukani ni za jamii hiyo. Unachofanya ni kuwachokoza watawanyike, ndiyo maana usiku ule hali ilikuwa mbaya. Tafuta mpulizaji anayeweza kukuambia jina la dawa na kukuonyesha kibandiko kwamba ni ya ndani ya nyumba. Na arudi tena baada ya siku 10 hadi 14. Dawa nyingi haziui yai, na yai kwa joto letu linaanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10. Anayekuambia atapuliza mara moja basi, huyo anataka pesa yako mara moja basi.

Hawaambukizi malaria wala virusi vya UKIMWI, hilo uondoe hofu. Shida ni kukosa usingizi na vidonda vya kujikuna vikiingia uchafu, kucha za mtoto zikatwe. Ila mwangalie katikati ya vidole na viganja. Vipele vikiwa huko, na muwasho unampata hata mchana, mpeleke kituo cha afya, huo unaweza kuwa upele na dawa yake ni nyingine.

Miguu ya kitanda iwekwe ndani ya makopo, na kitanda kisiguse ukuta, shuka isiburuze chini. Makopo yawe na maji ya sabuni. Kunguni wa nchi za joto kama wa kwetu anapanda plastiki laini vizuri kuliko mwenzake wa Ulaya, kopo kavu anaweza kulitoka.

MzeeDuga
Mafuta ya taa tulipaka na tumekua. Lakini sawa.

MamaNasra
Jamani asanteni. Nimerudi baada ya siku kumi na nane, niwape mrejesho.

Kitambaa cheupe kilichuja. Nikamwonyesha baba Nasra, akasema kutu ya springi. Godoro la sponji, springi imetoka wapi? Basi nikaweka kengele ya simu saa tisa usiku. Nikawasha tochi ghafla. Yule mdudu alikuwa kwenye mkono wake yeye, chini ya kiwiko, ametuna mwekundu hata kukimbia hawezi. Nikamgusa bega, akafungua macho, akamwangalia, akanyamaza. Asubuhi alizibeba chaga nje mwenyewe bila kuambiwa, na maji ya kuchemka akamimina yeye.

Kochi ndilo. Shuka jeusi la chini lilipobanduka nikakaa chini, miguu iliniishia. Tumelitoa uani, likapulizwa peke yake, halirudi ndani mpaka awamu ya pili ipite.

Ikabidi nimwambie shoga. Maana mpulizaji alisema nyumba ya uani mmoja ukipuliza vyumba viwili umewafukuzia jirani, na watarudi. Nimemwambia huku nimeinamisha uso. Akanishika mkono akasema, "Mwenzio nina miezi miwili, nilidhani wametoka kwangu kuja kwako." Tukachanga wapangaji watatu. Wa nne anasema yeye kwake hamna, na sitaki kumgombeza.

Mama mkwe kaja. Begi lake nililiweka juu ya kiti cha plastiki nikasingizia sakafu ina unyevu. Akaniangalia tu, akacheka kidogo, kisha akaomba sindano, sijui kama kajua.

Vipele vipya hakuna siku ya tisa leo. Lakini asubuhi kwenye kopo nimemkuta mmoja, mdogo, mweupe mweupe, anaelea. Mpulizaji anarudi Jumamosi. Je, ndiyo tunaanza upya?

BiTandika
Hapana, huyo ameanguliwa kwenye yai lililosalia, ndiyo maana Jumamosi ipo. Usipulize chochote wewe mwenyewe kabla yake. Umemkuta kopo la mguu gani, wa mlangoni au wa ukutani?

MamaNasra
Wa ukutani. Ukuta wa yule wa nne.

BiTandika
Kuna soketi hapo?

MamaNasra
Ipo. Ya kuchajia simu, kifuniko kimelegea.

BiTandika
Zima umeme kwenye mita, mwite fundi aifungue, uangalie ndani na tochi. Halafu na huyo wa nne nenda naye taratibu, mpelekee kile kitambaa cheupe.