Vinyago vya mpingo kwenda Hamburg: nifungeje visivunjike wala kuota ukungu?

MamaMpingo
Wakuu, naomba msaada. Nauza vinyago, niko Dar, mteja wangu yuko Hamburg. Aprili nilimtumia katoni tatu kwa meli. Zimefika, kinyago kimoja cha shetani kimekatika mkono, na kimoja kikubwa cha ujamaa (cha watu waliobebana) kimeota ukungu mweupe mgongoni. Nilivizungushia plastiki ya mapovu mara mbili, nikajazia maranda niliyopewa na mafundi. Fedha ya watu nimerudisha. Sasa anataka vinyago 14 kwa meli na vikapu 6 vya ukindu kwa ndege. Nimekosea wapi?

Juma_K
Pole dada. Bandika ile alama ya glasi (ya kitu kinachovunjika) pande zote, watashika kwa uangalifu.

MfungaMizigo
Alama bandika, lakini usiitegemee. Katoni ikishalaliwa na nyingine tano, hakuna anayeiona.

Pole sana dada yangu. Nafunga mizigo Mwenge mwaka wa 16 sasa, na mkono wa shetani nami umeshanivunjikia. Mpingo ni mzito, hata majini unazama. Kinyago cha kilo nane kikiwa huru ndani ya katoni ni nyundo. Katoni ikidondoka kidogo tu kinahama, yale mapovu yanapasuka, basi. Kazi yako ni kukizuia kisihame. Tafuta sponji ngumu ya godoro, ichonge kwa kisu kufuata umbo, kinyago kilale kwenye shimo lake. Uzito ubebwe na kiwiliwili na kitako. Ule mkono mwembamba usiguse kitu. Watu wanauonea huruma, wanaushindilia matambara, kumbe ndiyo wameufanya ubebe kinyago kizima, na lazima ukatike. Kati ya kinyago na ukuta wa katoni acha vidole vitatu vya sponji, na katoni iwe ya kuta mbili. Kabla ya kupiga selotepu, itikise karibu na sikio. Ukisikia chochote kinagonga, fungua uanze upya.

Ukungu sasa. Aprili ni masika. Maranda yalikuwa na unyevu, ukayafungia humo na plastiki. Kontena likifungwa hapa na joto letu, likielekea kwenye baridi, unyevu wa ndani unageuka matone ya maji kwenye dari lake na kudondokea mizigo. Kwa hiyo maranda acha kabisa. Vinyago vikae ndani, penye hewa, mpaka uhakikishe vimekauka. Kila kimoja kivishe karatasi nyeupe kwanza (gazeti linaacha wino kwenye sehemu nyeupe ya mti), kisha mfuko mzito wa plastiki wenye vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, uzibe vizuri. Katoni zikae juu ya paleti (jukwaa la mbao la kubebea mizigo), zisiguse sakafu wala ukuta wa kontena.

Vikapu ni hesabu nyingine. Mzigo mwepesi unaochukua nafasi kubwa, ndege inautoza kwa nafasi. Katoni ya sentimita 60 kwa 40 kwa 40, zidisha, gawa kwa 6000, unapata kilo 16. Hata vikapu vikiwa kilo 5, utalipia 16. Kampuni za vifurushi nyingi hugawa kwa 5000, inakuwa kilo 19.2. Vipachike kimoja ndani ya kingine, karatasi katikati, uchague katoni inayobana.

MamaMpingo
Shikamoo kaka, Mungu akubariki. Huo mkono ndio hasa niliushindilia kanga kuukuu! Wakala ananiambia nitengeneze kreti la mbao, fundi wa mtaani ataweza?

Bandarini_HH
Dada, mimi napokea mizigo hapa Hamburg. Angalia mbao. Kreti la mbao za kawaida lazima liwe limetibiwa, kwa kawaida kwa kupashwa moto mpaka nyuzi 56 katikati ya ubao kwa dakika 30, na lipigwe muhuri wenye suke la ngano. Bila muhuri huo mzigo unaweza kuzuiwa, na gharama ni zako. Paleti nayo ni hivyo hivyo. Plaiwudi haidaiwi muhuri.

MfungaMizigo
Kweli kabisa. Kwa vinyago 14 fanya kreti la plaiwudi, hata vile vijiti vya kona viwe plaiwudi, maana kona za mbao zisizo na muhuri ndizo zinazowaponza wengi. Kila kinyago kipige picha kabla ya kufunika na baada. Dada, kile chenye mikono mirefu kuliko vyote niletee Jumamosi, tukichongee sponji pamoja, vingine utaviweza mwenyewe.