Stephen Curry akiwa chuo cha Davidson: niwaeleze nini vijana wangu?

mwalimu_wa_Kirumba

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza, na jioni nafundisha kikapu vijana wa kidato cha pili na cha tatu. Uwanja wetu ni wa saruji, ringi moja nzima, ya pili imeinama.

Shida yangu ni kwamba kila kijana pale ni Curry. Akishika mpira tu anarudi nyuma mpaka karibu na mstari wa kati, anatupa. Nikimkemea ananijibu, "Mwalimu, Curry anatupa kutoka hapa." Wanamjua wa Golden State Warriors, timu yake ya NBA, wa kwenye video za sekunde thelathini. Alikotoka hawakujui, na mimi mwenyewe nakujua nusunusu. Naomba mnisaidie. Alipokuwa chuoni alifanya nini hasa? Na ni kweli kwamba vyuo vyote vilimkataa?

Halafu nina kijana mmoja wa miaka 16, mwembamba, anaanzisha mtupo wake kiunoni. Mpira unaingia sana akiwa peke yake, lakini akikabwa na mrefu unapigwa kofi kabla haujafika popote. Naogopa kumbadilisha nikamharibu. Nifanyeje?

Kiroba_cha_Rebaundi

Mwalimu, kwa kifupi: miaka mitatu Davidson, 2006 hadi 2009. Pointi 2,635, ambazo hakuna mchezaji mwingine wa chuo kile aliyezifikia. Mitupo ya pointi tatu 414 iliyoingia. Mwaka wa mwisho aliongoza Marekani nzima kwa ufungaji, wastani wa pointi 28.6 kwa mechi. Timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya, akachukuliwa wa saba, na Warriors. Wengine watajazia.

Mpongwe_NC

Mwalimu, pokea salamu kutoka Charlotte. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeishi huku North Carolina tangu kabla Curry hajaingia chuoni. Miaka ile nilikuwa napakia mizigo usiku kwenye ghala kaskazini ya mji, na Davidson ni mji mdogo tu, mwendo wa nusu saa kwa gari. Kwa hiyo hili unaloliuliza nililiona kwa macho, na niruhusu nijibu kwa urefu.

Kwanza hilo la kukataliwa. Baba yake, Dell Curry, alicheza Virginia Tech, na mama yake alicheza mpira wa wavu chuo hichohicho. Kijana alitamani sana kwenda huko. Wakamwambia anaweza kuja kama mchezaji asiye na ufadhili. Vyuo vikubwa vya jirani zetu hapa havikumtaka, maana alikuwa mfupi kwa viwango vyao na mwembamba kama muwa. Vichache vidogo ndivyo vilivyomfuata, na kocha Bob McKillop wa Davidson akawa mbele yao wote. McKillop amesimulia kwamba alimwona kwenye mashindano ya vijana Las Vegas siku ambayo kijana alicheza vibaya mno. Mpira unampotea, mitupo haiingii. Lakini hakumlaumu mwamuzi, hakumkunjia mtu uso, na alipotolewa alikaa benchi akiwashangilia wenzake. Kocha akaamua siku hiyohiyo kwamba huyu anamtaka.

Davidson wakati ule ilikuwa na wanafunzi kama 1,700 hivi. Zipo shule za sekondari huko nyumbani zinazoizidi.

Mechi yake ya kwanza ya chuo, Novemba 2006, dhidi ya Eastern Michigan, alipoteza mpira mara 13. Kumi na tatu, Mwalimu! Kocha mwingine angemkalisha benchi mwezi mzima. McKillop akamwacha uwanjani, na kesho yake kijana akaifunga Michigan pointi 32. Mwaka ule wa kwanza alifunga mitupo mirefu 122, rekodi kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Nilimwona mara ya kwanza ukumbini kwao msimu wa 2007/08, baada ya mwenzangu wa kazini kunipa tiketi. Nilikaa nyuma ya ubao. Nataka uwaambie vijana wako nilichokiona, kwa sababu kwenye video hakipo. Muda mwingi wa mechi Curry hana mpira. Anakimbia. Anapita nyuma ya mwenzake aliyesimama kama ukuta, anazunguka chini ya ringi, anatokea upande wa pili, anarudi tena. Yule anayemkaba anahema, jezi imelowa mgongo mzima. Na mpira ukiwa bado uko hewani kumjia, magoti yake yameshakunjwa na mikono ameshaifungua kifuani, vidole vimetanuka. Kuupokea na kuutupa ni tendo moja. Nilijaribu kuhesabu, nikashindwa hata kutamka "moja".

Msimu huo alifunga mitupo ya pointi tatu 162, rekodi ya taifa kwa msimu mmoja wakati huo. Timu ilishinda mechi zote 20 za ligi yao ya kanda. Halafu ukaja Machi.

Davidson haikuwa imeshinda hata mechi moja ya mashindano ya taifa tangu 1969. Ijumaa wakakutana na Gonzaga mjini Raleigh, Curry akafunga 40, kati ya hizo 30 kipindi cha pili, mitupo mirefu minane kati ya kumi ikaingia. Jumapili ilikuwa Pasaka, tarehe 23 Machi 2008, dhidi ya Georgetown. Sisi tulikuwa tumealikwa chakula kwa familia moja ya Wakongo. Davidson wakawa nyuma kwa pointi 17 kipindi cha pili, mwenye nyumba akataka kuzima televisheni tule. Mke wangu, ambaye kikapu hakijui hata kidogo, akasema, "Huyo mtoto mweupe wa uso bado hajachoka, mwacheni." Kipindi cha kwanza alikuwa na pointi 5. Kipindi cha pili akafunga 25. Wakashinda 74 kwa 70, na chakula tulikila kimepoa.

Walipofuzu kwenda Detroit kwa raundi iliyofuata, wadhamini wa chuo waliwalipia wanafunzi mabasi, malazi na tiketi ili wakashangilie. Wakaipiga Wisconsin 73 kwa 56, Curry 33, LeBron James yupo jukwaani anatazama.

Robo fainali ilikuwa na Kansas. Hapa ndipo ningekuomba ukae na vijana wako chini, Mwalimu. Davidson wako nyuma 59 kwa 57, sekunde kama 16 zimebaki, mpira uko mkononi mwa Curry. Dunia nzima inajua anatupa yeye. Wanamjia watu wawili. Siku hiyo mitupo yake mirefu ilikuwa inagoma, minne tu kati ya 16 ilikuwa imeingia, na bado hakuna ambaye angemlaumu kwa kujaribu tena. Akatoa pasi kwa Jason Richards aliyekuwa wazi. Richards akatupa, mpira ukakosa, basi. Kocha wa Kansas alionekana amepiga magoti. Kansas ndio waliokwenda kutwaa ubingwa.

Mpaka leo hapa mjini watu wanabishana kuhusu ile pasi. Mimi nasema ilikuwa sahihi. Richards ndiye aliyeongoza Marekani kwa pasi za mabao msimu ule, zaidi ya nane kwa mechi. Mingi ya mitupo ya Curry ilianzia mikononi mwake. Alipwe na nini kama si kuaminiwa siku ya mwisho?

Nije kwa kijana wako wa kiunoni. Curry naye alikuwa hivyohivyo! Akiwa sekondari alikuwa anaanzisha mtupo chini, kwa sababu hakuwa na nguvu. Baba yake akamwambia huko mbele hautapita. Likizo moja nzima ya kiangazi wakaujenga upya nyumbani, mpira uanzie juu ya paji la uso. Amesimulia mwenyewe kwamba kilikuwa kiangazi kibaya kuliko vyote, wiki nyingi hakuweza kutupa mbali na ringi, alilia. Kwa hiyo badilisha, ila fanya wakati hamna mashindano, na umsogeze karibu na ringi kabisa, hatua mbili. Asirudi nyuma mpaka mkono uzoee.

Tripu_ya_Nyakato

Mzee Mpongwe umeandika vizuri sana, lakini tuwe wakweli kwa vijana wa Mwalimu. Hizo namba zake za mitupo mirefu zimeshapitwa. Fletcher Magee wa Wofford alimaliza na mitupo mirefu 509 mwaka 2019. Antoine Davis wa Detroit Mercy akafika 588 mwaka 2023. Caitlin Clark wa Iowa akafunga 201 kwa msimu mmoja tu, 2023/24. Kwa namba, Curry wa 414 si hata wa tatu. Kwa nini tusiwafundishe hao?

Mpongwe_NC

Kijana wangu, namba zako ni sahihi. Ila ziangalie vizuri. Magee na Davis walicheza miaka mingi zaidi. Curry aliondoka baada ya mitatu. Na huyo Magee, ambaye namheshimu mno, aliivunja rekodi dhidi ya Seton Hall, kisha mechi iliyofuata dhidi ya Kentucky akatupa mitupo mirefu 12, haukuingia hata mmoja. Timu yake ikatoka. Nilimwonea huruma kijana wa watu, maana hakuacha kutupa mpaka mwisho na ndivyo alivyofundishwa.

Sasa linganisha na hili. Novemba 2008 Davidson walicheza na Loyola ya Maryland. Kocha wa Loyola akaamuru wachezaji wawili wamkabe Curry mechi nzima, awe na mpira au asiwe nao. Curry akaenda kusimama kwenye kona, akawaacha hao wawili wamlinde, na wenzake wakacheza wanne dhidi ya watatu. Alitupa mara tatu tu. Pointi zake: sifuri. Mfungaji bora wa Marekani, sifuri! Davidson wakashinda 78 kwa 48. Wiki moja kabla alikuwa ameifunga Oklahoma 44.

Ukiniuliza mafanikio yake makubwa ya chuo ni lipi, mimi nitakuambia ni hiyo sifuri. Pointi 40 dhidi ya Gonzaga zinahitaji mkono. Kusimama kwenye kona dakika thelathini na kitu mbele ya watu waliolipa kukuona wewe, na usinune, kunahitaji kitu kingine, kilekile McKillop alichokiona Las Vegas.

Bi_Kariakoo7

Mimi nilicheza kikapu Dar miaka ya tisini, shikamooni wakubwa. Nataka kumsemea Caitlin Clark kidogo, asipitishwe kama namba tu.

Curry alipofunga 162, mstari wa pointi tatu kwa wanaume wa vyuo ulikuwa mita 6.02 kutoka kwenye ringi. Mwaka uliofuata ukasogezwa hadi 6.32, na asilimia zake zikashuka kutoka karibu 44 hadi chini ya 39. Clark alifunga 201 wakati mstari wa wanawake upo mita 6.75. Hizo ni sentimita 73 zaidi. Ni kweli mpira wa wanawake ni mdogo kidogo na alicheza mechi 39 dhidi ya 36 za Curry. Lakini sentimita 73! Nendeni mkazipime kwa rula mezani kwenu.

Alimaliza na pointi 3,951. Alimpita Pete Maravich wa LSU aliyekuwa na 3,667 tangu 1970, na hapo haki itendeke kwa Maravich pia: alicheza mechi 83 tu, na mstari wa pointi tatu haukuwepo kabisa.

Mwalimu, umeandika "vijana" mara nyingi. Una wasichana pale uwanjani? Kama unao, wasimulie huyu naye. Usiku aliovunja rekodi ya pointi kwa wanawake ya NCAA, yaani chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, Februari 2024 dhidi ya Michigan, alifunga 49, na mtupo wenyewe wa rekodi aliutupa kutoka karibu na nembo ya katikati ya uwanja. Huko ndiko vijana wako wanakotaka kutupa, lakini huyo ameufanyia kazi umbali ule.

mwalimu_wa_Kirumba

Asanteni sana, mzee Mpongwe na dada Kariakoo. Ndiyo, ninao wasichana sita, nimekuelewa.

Leo niliwakalisha wote kwenye ngazi kabla ya mazoezi nikawasomea habari ya Loyola. Nilipofika kwenye sifuri, mmoja akasema ninawadanganya. Nikawasimulia pia ile pasi ya Kansas. Wakagawanyika palepale, nusu wanasema angetupa mwenyewe, wakabishana mpaka mlinzi wa shule akaja kuuliza kuna nini.

Yule kijana wangu nimemweka hatua mbili kutoka kwenye ringi, mpira juu ya paji la uso. Mitupo ishirini ya kwanza imeingia minne. Alitaka kurudi kiunoni, nikamwonyesha kwenye simu yale maneno yako kwamba Curry naye alilia kiangazi kile. Akanyamaza, akaenda kuufuata mpira. Giza lilipoingia alikuwa ameingiza tisa kati ya ishirini, na msichana mmoja wa kidato cha pili alikuwa amebaki chini ya ringi anamrudishia mpira.

Mpongwe_NC

Huyo msichana naye mpe zamu ya kutupa, Mwalimu. Na jambo moja nililosahau: Davidson huwa hawastaafishi jezi ya mtu ambaye hajahitimu. Curry aliondoka bado mwaka mmoja, kwa hiyo ilibidi wasubiri. Alimaliza shahada yake 2022, akiwa tayari bingwa wa NBA mara nyingi, na Agosti mwaka huo wakampa cheti na kuipandisha namba 30 darini siku moja. Hili wasomee waliofeli jaribio la hesabu wiki iliyopita.