Mnapikaje kila jioni bila usiku kuishia jikoni?

JioniFupi:

Habarini wadau.

Naomba ushauri kwa mnaopika nyumbani kila siku, siyo kwa sikukuu tu. Kwetu tupo sita: mimi, mume wangu, watoto watatu, na baba mkwe ambaye ana shinikizo la damu, kwa hiyo chumvi naitia kwa kuhesabu. Narudi kazini giza likiingia. Nikibandika sufuria muda huo, chakula kinaiva mtoto wa mwisho ameshalala kwenye kochi, na kumwamsha ale ni ugomvi. Akilala na njaa ndiyo usiku wangu umeharibika.

Kununua chakula kilichopikwa sitaki. Uwezo wa mara moja moja upo, ila saa ya kula jioni ndiyo saa pekee ambayo wote sita tunaonana uso kwa uso. Binti yangu mkubwa anakata kitunguu huku ananieleza ya shuleni, mambo ambayo ningemuuliza barazani angenijibu "hakuna". Saa hiyo naitaka ibaki. Ninachotaka ni ianze mapema.

Mambo mawili yananishinda. La kwanza ni maharage. Tunayapenda sana, lakini hata yakilowekwa yanachukua saa mbili na mengine yanabaki na kiini kigumu. Huwa natia nyanya na kitunguu humohumo tangu mwanzo ili yaive pamoja na mchuzi wake. La pili: mume wangu anapendekeza Jumapili tupike vyakula vya wiki nzima, tupange kwenye friji, kila jioni iwe ni kupasha tu. Wazo naliona, lakini wali wa Jumapili kuliwa Alhamisi roho inasita. Wakati huohuo mama yangu mzazi amekula kiporo cha wali asubuhi maisha yake yote na hajawahi kuumwa tumbo. Ukweli uko wapi?

SufuriaMoja:

Dada, nunua sufuria ya presha uachane na shida ya maharage. Maji ya kawaida yakishafika nyuzi 100 hayapandi tena hata uongeze moto, unapoteza mvuke na gesi tu. Ndani ya presha yanafika karibu nyuzi 120. Maharage yaliyolala majini yanaiva ndani ya kama robo saa hadi dakika ishirini baada ya mvuke kukaza.

Mawili ya kuzingatia: maharage na maji yake yasipite nusu ya sufuria, maana povu lake huziba tundu la mvuke. Na usilazimishe mfuniko kabla presha haijashuka yenyewe, hasa watoto wakiwa karibu.

MwalimuKimu:

JioniFupi mwanangu, nimefundisha sayansi kimu mpaka nikastaafu, na swali lako nimeulizwa na wanafunzi wangu wengi baada ya wao kuolewa na kuoa. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu naliona ni jambo zito. Nyumba ambayo watu wanakula pamoja inastahili kusaidiwa iendelee hivyo.

Nianze na maharage. Nyanya zitoe mwanzoni. Kinachoshikilia maharage yawe magumu ni pektini, gundi ya asili iliyo kati ya seli zake, na asidi huizuia pektini hiyo isilegee. Nyanya ina asidi, limau lina asidi, siki ndiyo kabisa. Tokosa maharage peke yake mpaka yaminyike kwa vidole, ndipo uyaunge. Ukitia nyanya yakiwa mabichi unajiongezea saa nzima, na gesi ya jiko inapotea bure. Kitunguu hakina ubaya.

Sababu nyingine ni maji. Maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, yana kalisi (kalsiamu), na kalisi huikaza pektini. Hapo chumvi kwenye maji ya kulowekea husaidia, vijiko viwili vya chai kwa lita moja, kwa sababu sodiamu iliyo ndani ya chumvi, ileile inayopandisha shinikizo la damu, huchukua nafasi ya kalisi kwenye ganda nalo likalainika. Wengi tuliambiwa chumvi hufanya maharage yawe magumu. Siyo kweli.

Na yapo maharage ambayo hayataiva hata uyabembeleze. Yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu hubadilika ndani. Ukiona mengine yameiva na mengine yana kiini, mara nyingi umeuziwa ya zamani yaliyochanganywa na mapya. Badilisha unakonunua.

Neno la usalama kabla sijasahau: maharage mekundu yana sumu ya asili, lektini, inayotapisha vibaya yakiliwa hayajaiva. Yaloweke saa tano au zaidi, maji yale mwaga, kisha yatokote kwa nguvu, siyo kwa moto wa kuchechemea, kwa dakika zisizopungua kumi. Mimi huwaambia watu nusu saa, maana saa za jikoni hazina uhakika.

Sasa wali. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus. Anakaa udongoni, na kwenye mchele yumo. Spora zake, yaani mbegu zake ngumu, huhimili kuchemka, kwa hiyo wali uliotoka motoni sasa hivi bado unazo. Zikiachwa kwenye uvuguvugu zinaamka, zinazaliana, na baadhi hutoa sumu ya kutapisha ambayo kupasha hakuiondoi, hata ukipasha mpaka wali uungue. Kwa hiyo hatari ya kiporo haiko kwenye kupasha. Iko kwenye zile saa ambazo sufuria ilikaa mezani imefunikwa, baada ya watu kunawa mikono. Mama yako huenda aliula wali uliopoa haraka usiku wa baridi. Wengi hawadhuriki, na anayedhurika mara nyingi hulaumu kitu kingine.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa kanuni zake tano za chakula salama mwaka 2001 lilisema hivi: kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5, cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, na kinachopashwa kifike nyuzi 70 mpaka katikati. Kwa wali mimi ni mkali kuliko hapo. Nautandaza kwenye sinia upoe, ndani ya saa moja uko kwenye friji, na siuvushi kesho yake. Usiweke sufuria nzima ya moto kwenye friji ukidhani umeuokoa. Katikati yake hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na unakipasha joto kilicho jirani.

Kwa hiyo Jumapili ya mumeo naikubali nusu. Wali upikwe jioni ileile, mchele hauchukui nusu saa. Vyakula vilivyokamilika vya siku saba sivitaki pia kwa sababu nyingine: wiki haifuati mpango. Jumanne anakuja mgeni, Jumatano mtu amekula njiani, na ile bakuli ya Alhamisi inaishia pipani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Tunatupa sisi, watu wenye nia njema na friji zilizojaa.

Ninachokusihi ufanye Jumapili ni kupika mwanzo wa vyakula. Miisho iache jioni.

Mwanzo wa kwanza ni maharage yaliyotokoswa bila kuungwa. Gawanya kwenye vyombo vifupi, vya mlo mmoja mmoja, pamoja na supu yake. Ya siku tatu za mbele yakae kwenye friji, mengine gandisha. Jioni unaunga kwa dakika kumi na tano, leo kwa nyanya, kesho kutwa kwa karoti na pilipili hoho, na hakuna atakayesema amekula kiporo.

Mwanzo wa pili ni kitunguu, na huu ndio uliobadilisha jioni zangu nikiwa bado kazini na wanangu wadogo. Kitunguu karibu asilimia 89 ni maji. Maji hayo yakiwa bado kwenye sufuria, joto haliendi mbali zaidi ya nyuzi 100, na rangi ya kahawia haiji. Ile ladha tunayoitafuta, iliyoelezwa na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, huanza kuja kwa kasi karibu nyuzi 140, yaani mpaka maji yaondoke. Ndiyo maana kitunguu cha dakika tano ni cheupe na kina ukali. Kukingoja kila jioni ni dakika arobaini ambazo huna. Basi Jumapili kaanga kilo mbili kwa pamoja, moto wa wastani, sufuria pana, mwiko ukipita mara kwa mara mpaka kiwe na rangi ya asali. Kikipoa gandisha kwa mafungu ya kijiko kikubwa. Jioni unatupa fungu moja kwenye mafuta, na mchuzi wako una kina tangu dakika ya kwanza.

Kwa mgonjwa wa shinikizo la damu kitunguu hicho kina thamani zaidi, kwa sababu ulimi uliopata ladha nzito hauulizi chumvi sana. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa hata iliyo kwenye mkate na kwenye vile vipande vya kiungo cha mchuzi vya dukani.

Mboga za majani usizipike mapema. Osha, kausha, funga kwa kitambaa, weka friji. Zipikwe watu wakiwa wanakaa.

KapuLaMoto:

Mwalimu shikamoo. Umeeleza vizuri, ila wengine hatuna friji na bado tunarudi usiku. Niongeze ya upande wetu.

Asubuhi kabla ya kutoka natokosa maharage niliyoyaloweka usiku. Yanachemka kwa nguvu nusu saa, mfuniko umekaa sawasawa, halafu sufuria nzima naishusha kwenye kapu kubwa nililolitandika blanketi nzito chini, pembeni na juu. Joto halina pa kutokea. Nikirudi jioni yamelainika, nayachemsha tena vizuri ndipo naunga. Sharti sufuria iwe imejaa, maana chakula kidogo hupoa haraka na kikishashuka chini ya zile nyuzi 60 umekwisha kujitafutia ugonjwa. Nikirudi nikakuta ni ya uvuguvugu tu siyaamini, na siku za kuchelewa sana silitumii kapu kabisa.

Mengine ninayotanguliza ni mabichi: karoti nzima zilizooshwa, viazi visivyomenywa, mchele uliochaguliwa mawe. Ukirudi umechoka, kuchagua mchele kwa taa hafifu kunakatisha tamaa kuliko kupika kwenyewe.

BabaWawili:

Mimi napika kwangu siku zote za kazi kwa sababu mke wangu anafanya zamu za usiku. Napingana kidogo na Mwalimu kuhusu vyakula vilivyokamilika. Mchuzi wa nyama au wa kuku ukigandishwa siku ileile ulipoiva unatoka vizuri sana, na kuna jioni ambazo hata dakika kumi na tano sina. Natunza milo miwili ya namna hiyo wakati wote kwa ajili ya siku mbaya. Siyo saba, miwili.

La pili ni kwa mumeo, dada. Wazo lake la Jumapili ni zuri ikiwa yeye mwenyewe atashika mwiko. Aliyependekeza apewe kitunguu kilo mbili. Nasema kwa heshima, na kwa sababu nimeona watoto wangu wa kiume wanavyosogea jikoni tangu waone mimi nipo.

JioniFupi:

Ahsanteni sana, Mwalimu shikamoo. Nimemsomea mume wangu yote, pamoja na ya BabaWawili, na ameshauliza kisu kizuri kiko wapi. Sufuria ya presha tutanunua mwisho wa mwezi.

Mwalimu, bado jambo moja. Umesema chumvi kwenye maji ya kulowekea. Kwa baba mkwe je? Nikimwaga maji, chumvi inaondoka yote au nyingine imeshaingia ndani? Sitaki nimpikie maharage laini halafu nimharibie vipimo vyake.

MwalimuKimu:

Marahaba mwanangu. Umeuliza penyewe.

Nyingine imeshaingia. Kumwaga na kusuuza kunaondoa iliyo nje, ya ndani inabaki, na huwezi kuipima kwa macho. Soda ya kuokea, ambayo watu hutia ili maharage yaive haraka, nayo ni sodiamu vilevile, kwa hiyo isiwe njia ya kuzunguka. Kwa sufuria ambayo baba mkwe atakula, loweka kwa maji matupu. Maji yenu kama ni magumu, loweka na upike kwa ya mvua. Ganda litakuwa gumu kidogo, ongeza dakika kumi za moto. Ukishapata presha tofauti hiyo hutaiona.

Kisha usitie chumvi kwenye sufuria kabisa. Tokosa bila chumvi, unga kwa kitunguu kile cha kahawia, ukiepua kamulia limau. Mezani weka kikombe kidogo cha chumvi upande wa watoto na mumeo, kila mtu ajitilie kwenye sahani yake. Na muulize daktari wake kiwango chake yeye, maana wapo wanaopewa cha chini kuliko gramu 5.